Soma Mgongo wa Kibao

Siku ya Ijumaa soko la Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo, halina adabu. Mtu anakukanyaga, anakupiga kikapu cha samaki mbavuni, kisha yeye ndiye anayekuuliza kwa nini umesimama njiani. Katikati ya vurugu hiyo, mwanzoni mwa mwaka 2014, alikuwa anapita Marita wa Kasese, gauni la rangi ya haradali, viatu vya chini, na mgongoni kitenge kilichofungwa kama cha mama mwenye mtoto mchanga. Alitembea viwiko vimetangulia. Kila hatua tatu aligeuka nyuma, na aliyethubutu kumgusa mgongo alitazamwa mpaka akaomba radhi.

"Mama, mutoto wako halii?" sauti ya mwanaume ilimuuliza kutoka upande wa mafungu ya vitenge.

"Halii."

"Jua kali hivi? Anaitwa nani?"

"Tera," Marita alijibu bila kusimama.

"Tera! Hii iko jina ya wapi?" Mwanaume alikuwa amemfikia. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kamera imening'inia begani. Akachungulia ukingo wa kitenge, akaruka nyuma. "Ee Mungu! Mutoto iko na waya!"

"Ssebo, usinicheke. Ni diski ya tera moja, na humu mna harusi tatu. Nikiangusha hii diski, kuna watu sita hawajaoana."

Mwanaume alicheka mpaka muuza vitenge naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Kisha, jambo ambalo Marita hakulitegemea, akaacha kucheka, akatangulia mbele yake na kuanza kumfungulia njia. "Batu, mupishe! Kuna mutoto mugonjwa hapa!" Watu walipisha. Walipofika kwenye magari alimwambia kwamba anaitwa Tsongo, kwamba alijifunza kuhariri video Butembo, upande wa Kongo, na kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona mtu anayeogopa vizuri namna ile. Marita alimpa namba ya simu. Alijiambia ni kwa sababu za kikazi.

Na kweli kazi ilikuwepo. Blasio, mwenye studio aliyokuwa anafanyia Marita pale Kasese, alitafuta mtu wa kumpigia picha upande wa Bwera, na wiki mbili baadaye Tsongo akaajiriwa. Alipiga harusi na ubatizo huko mpakani, na kila Jumatatu alipanda Kasese na diski yake, akaimimina kwenye sanduku.

Sanduku lenyewe lilikuwa kitu cheusi, dogo kuliko mkebe wa mkate, lenye diski nne tumboni, limekaa kwenye rafu juu ya meza ya Blasio. Kompyuta zote za studio zilikula kutoka humo. Video za kila mteja zilikaa humo, na mradi wa kila mteja pia, kwa hiyo mtu yeyote angeweza kuendeleza kazi kutoka kiti chochote. Raha yake ilikuwa hiyo. Balaa lake lilikuwa hilo hilo, maana watu wawili wakifungua mradi mmoja kwa wakati mmoja, anayehifadhi wa mwisho anaimeza kazi ya mwenzake bila hata kujua. Ilishatokea. Marita alishaipoteza kazi ya siku tatu hivyo, akalia kama aliyefiwa.

Baada ya kilio hicho ndipo alipoanzisha vibao. Kila mradi ulikuwa na kibao chake cha mbao, mbele kimeandikwa jina la mteja, kimening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Mwenye kibao ndiye afungue mradi. Asiye nacho ni macho tu. Na nyuma ya kibao, kwa penseli, uliandika ulichofanya na ulichobakiza. Kwa hiyo sheria ya pili, ambayo Marita aliihubiri kuliko mchungaji: kabla hujashika kibao, soma mgongo wake.

"Umesoma mgongo?" alikuwa anamuuliza Tsongo kila Jumatatu.

"Nimesoma, Mama Tera. Ata usiku nikilala ninasoma mugongo."

Mapenzi yao yalikua hivyo, kati ya misumari na simu. Siku sita za juma walikuwa mbali, na kila jioni simu ililia.

"Mama Tera, umekula?"

"Nimekula. Bundu ya muhogo na samaki."

"Na studio umefunga?"

"Nimefunga. Nimerudi kuangalia kufuli."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Bon. Kwenda upumuzike. Ya ine nitaangalia miye hapa Bwera."

Marita alicheka, na alipocheka hofu aliyozaliwa nayo ilimlegea kidogo. Tusimsingizie, hakuwa mwoga wa watu. Alikuwa mwoga wa vitu kupotea. Baba yake alikuwa na picha moja tu ya bibi yake, na panya waliila. Tangu hapo Marita hakuamini kabati lolote duniani, na alikuwa bado hajaamua kama Tsongo naye ni kabati au ni nini.

Basi, mwaka uliofuata ikaja kazi ya Musitafa. Musitafa alikuwa msafirishaji wa Bwera, mwenye malori yake na yadi yake karibu na barabara ya mpakani. Tsongo ndiye aliyepiga picha za harusi ya dada yake, Jamilah. Siku ile mama yao, Hajati Habibah, alimwekea binti yake mikono kichwani na kusema naye maneno marefu mbele ya kamera. Siku kumi na moja baadaye Hajati akafariki.

"Picha za wageni kateni mnavyotaka," Musitafa alimwambia Marita kwa simu. "Maneno ya mama, wallahi, hata pumzi moja msikate. Jamilah anamfuata mumewe Juba Jumamosi. Asipoondoka nayo, sina la kumwambia."

Kuanzia hapo Marita hakulala vizuri. Kibao cha Jamilah hakukirudisha tena msumarini. Akienda kula alikitundika kwenye kikombe chake cha chai, mbele ya kompyuta, kila mtu akione ni chake.

Jumatatu ya wiki ile aliitwa msibani Rukoki. Aliondoka saa sita mchana, kibao kiko kwenye kikombe. Aliporudi jioni kuchukua mkoba wake, Blasio alikuwa mlangoni na funguo mkononi, analalamika kuhusu mvua. Tsongo alikuwa ameshakuja na kuondoka. Marita alikichopoa kibao kutoka kwenye kikombe bila kukitazama, akakitia mkobani, akateremka ngazi. Jumanne nzima alikuwa Ibanda, anapiga picha kwenye ubatizo. Tsongo hakupiga simu Jumatatu jioni, wala Jumanne.

Jumatano asubuhi aliwasha kompyuta, akafungua mradi wa Jamilah, na skrini nzima ikawa nyekundu.

Mhariri yeyote anaujua wekundu huo. Mradi haubebi video. Unakumbuka tu zilipowekwa. Ukizikosa hapo, mahali pa kila picha panabaki pengo jekundu. Mara nyingi ni jambo dogo, mtu amebadilisha jina la folda. Marita aliingia kwenye sanduku kutafuta. Folda ya Jamilah haikuwemo. Alitafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa ukubwa. Akafungua orodha ya walioingia kwenye sanduku, na mstari wa mwisho wa folda ile ulisema: Tsongo, Jumatatu, saa tisa alasiri.

"Lakini kibao kiko na mimi," alisema kwa sauti, peke yake. "Kibao kiko na mimi!"

Alimpigia. Namba haipatikani. Alipiga tena na tena, akahesabu mara kumi na nne, na mara zote mwanamke yule wa kwenye simu alimjibu kwa upole ule ule.

"Nilikwambia nini mimi?" Blasio alisimama nyuma ya kiti chake, kidole kinaelekea skrini. "Huyu mtu wa ng'ambo. Juzi ameniuliza kamera ile ndogo naiuza bei gani. Anafungua studio yake kule, na amebeba kazi yetu aanzie nayo. Na huko ana mwanamke, si watu wanasema?"

"Watu gani?"

"Watu."

Simu ya Marita ikalia. Alirukia, akidhani ni Tsongo. Alikuwa Musitafa.

"Dada Marita, kesho niitume gari ichukue kazi?"

Angeweza kusema sijui. Neno hilo lilikuwepo, jepesi, linapatikana. Lakini hofu ikimshika mtu inamtafutia wa kumlaumu, na Marita alikuwa ameshikwa.

"Bwana Musitafa... video hazipo. Tsongo ameondoka nazo."

"Ameondoka nazo vipi? Ameziiba?"

Blasio, aliyekuwa anasikia, aliinamisha kichwa kuitikia. Skrini ilikuwa nyekundu.

"Ndiyo," Marita alisema. "Ameziiba."

Kisha Musitafa akasema taratibu, "Mpakani pale nina vijana. Asipite," na akakata.

Alhamisi Marita alikwenda kazini kwa sababu miguu ilizoea njia. Saa nne hivi sanduku lilipiga kelele ya ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi, na taa yake ya njano ikazimika. Blasio aliliinua, akalitikisa, akalirudisha. Marita alilitazama. Kitu fulani kilimkera kichwani, lakini hakukipata. Alifungua mkoba kutafuta leso ya kufutia jasho, na kibao kikatoka pamoja na leso, kikaanguka mezani kifudifudi.

Mgongo ulikuwa umejaa penseli, herufi ndogo zimebanwa mpaka kwenye kingo.

*Sanduku inagonga ko-ko-ko, diski moja inakufa. Nimenakili maneno ya mama, ingine imekataa. Iko na miye. Blasio hayuko, mwambie aite fundi. Naenda Mutwanga kwa mama, simu haitashika kule. Narudi Ijumaa. Kuna neno nataka kukuambia. T.*

Aliisoma mara moja tu. Folda haikuibwa, ilizama na diski iliyokufa. Yeye aliyeshinda akiwauliza wenzake "umesoma mgongo?" alikuwa ametembea na mgongo huo siku tatu ndani ya mkoba. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Banange," alisema. "Mimi ndiye mwizi."

Alimpigia Musitafa papo hapo. Simu ilipokelewa na kijana wa yadi: bosi yuko Kongo na lori, atarudi kesho, simu yake kaiacha. "Mwambie Tsongo si mwizi!" Marita alipiga kelele. "Mwambie ni kosa langu!" Kijana alisema kale, nyabo, yaani sawa mama, atamwambia, kwa sauti ya mtu anayetafuna.

Ijumaa alipanda gari la kwanza la Bwera. Milima ilikuwa imejifunika wingu, na mbugani nyani walikaa kando ya barabara wakitazama magari. Marita hakuona kitu. Alikuwa na kibao mkononi, kompyuta ndogo mkobani na mawazo mabaya kichwani, kila moja likizaa jingine. Watampiga. Watamnyang'anya diski, waitupe. Ataangusha diski akikimbia. Maneno ya Hajati yataishia kwenye mfereji wa Mpondwe kwa sababu ya neno moja, ndiyo, alilolisema yeye kwa kinywa chake.

Getini mwa yadi ya Musitafa alisimama Kosiya, mlinzi, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita afande na yeye hakukataa.

"Simama hapo! Wewe nani? Nataka nini?"

"Afande, kuna mtu mliambiwa mumkamate. Anaitwa Tsongo."

"Hiyo mwizi? Iko ndani. Imekataa amri. Nimeambia yeye weka mzigo chini, amekataa. Nimeambia mara ya pili, amekataa! Mtu gani hii?"

Marita alipita chini ya mkono wake bila ruhusa.

Tsongo alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya matairi mabovu, kiatu kimoja hakipo, mkono wa shati umechanika begani. Vijana wawili walimsimamia. Mgongoni alikuwa amefunga kitenge kipya, cha buluu na maua meupe, fundo limekazwa kifuani kama wanavyofunga kina mama, na ndani ya kitenge kulikuwa na kitu chenye pembe nne. Alipomwona Marita hakuinuka.

"Mwambie huyu afande hii ni nini," alisema. "Miye nimemwambia iko mutoto, amenipiga kofi."

Marita alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa vyote viwili. Musitafa alitokea ofisini, kanzu imekunjwa mpaka magotini kwa tope la safari, na nyuma yake Jamilah, mdogo, mwembamba, hijabu nyeusi, macho yamevimba.

"Dada Marita," Musitafa alisema. "Sema mbele yake. Huyu ni mwizi au si mwizi?"

"Si mwizi." Sauti yake ilitoka ndogo, akaisukuma. "Alituokolea. Sanduku letu limekufa, na kama si yeye hakuna ambacho kingebaki. Aliniandikia hapa, nyuma ya kibao. Nilikibeba sikukisoma. Nilipoulizwa nilisema ameiba, na nilikuwa sijui. Nilisema tu. Mnisamehe. Na kama kuna wa kupigwa kofi, ni mimi."

Kosiya alikohoa, akaenda kutafuta kile kiatu.

Tsongo alifungua fundo mwenyewe, taratibu, akamkabidhi diski. Vidole vyao havikugusana, aliangalia visigusane. Waliiunganisha kwenye kompyuta ya Marita juu ya boneti ya lori. Taa ya diski iliwaka, ikazima, ikawaka. Marita aliufungua mradi kutoka nakala aliyokuwa ameiweka humo, akaanza kuuonyesha video zilipo sasa. Moja ilikataa. Ya pili ikakataa. Jamilah alishika mkono wa kaka yake. Ya tatu pengo jekundu likapotea, na Hajati Habibah akatokea, mtandio wa zari, mikono juu ya kichwa cha binti yake, kelele za sherehe nyuma.

"Mwanangu," Hajati alisema, "ndoa si kifungo. Ukichoka huko uendako, usione haya kurudi. Mimi mlango wangu sifungi. Hata nikilala, sifungi."

Jamilah aliketi chini, pale pale kwenye tope. Musitafa aligeuka akatazama matairi yake kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa Tsongo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno ambayo Marita aliona vyema asiyasikilize. Wakanakili video mara tatu, kwa Jamilah, kwa Musitafa, na kwenye kompyuta ya Marita, na kila nakala Marita aliichezesha mpaka mwisho kabla ya kuamini. Safari hii hakuna aliyemcheka.

Walitoka getini pamoja, na siku ya soko ilikuwa imechemka. Tsongo alitembea mbele. Kitenge alikibeba mkononi, kimekunjwa.

"Tsongo."

"Niko nasikia."

"Nimekosa. Sina la kujitetea."

"Siku mbili tu simu haishiki," alisema bila kugeuka, "na nimekuwa mwivi. Ungesema amepotea. Ungesema amekufa. Ata ile ingekuwa bien."

"Niliogopa."

"Wee unaogopaka kila siku, Marita. Miye nilijua unaogopa vitu. Sikujua unaniogopa miye."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na pia kwa sababu alimwita Marita. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwita hivyo. Wakasimama karibu na mafungu ya vitenge, watu wakiwasukuma huku na huku.

"Uliandika una neno," Marita alisema. "Kama bado lipo, nitalisikiliza. Kama umelitupa, nitajua nimelitupa mimi."

Tsongo aliutazama mzigo wa buluu mkononi. "Hii kitenge si ya diski. Nilikwenda Mutwanga kumwambia mama kuko mwanamuke Kasese. Akafungua sanduku yake, akanipa. Akasema, mupelekee, mwambie mbuzi za mahari za baba yake tutatafuta. Njiani mvua ikanikuta, begi yangu inapitisha maji, nikafunga diski ndani. Nikasema Mama Tera atafurahi kuona nimebeba kama yeye." Akakikunja kitenge upya. "Sasa sijui nikupe ao nirudishe."

Marita alimshika mabega, akamgeuza pale pale katikati ya soko, watu wapige kelele wanavyotaka. Mgongoni mwa shati lake jeupe palikuwa na alama ya jasho na rangi ya buluu ya kitenge, pembe nne kamili, ukubwa wa diski. Katika benchi la Kosiya, chini ya makofi, na njia yote kutoka Mutwanga, hakuwa ameiweka chini hata mara moja. Marita aliweka kiganja juu ya alama hiyo. Ilikuwa bado na unyevu.

"Unafanya nini?" Tsongo aliuliza.

"Nasoma mgongo."

"Inasema nini?"

Alimzunguka, akasimama mbele yake, akampa mgongo wake yeye, akainua mikono kidogo ili kitenge kipate pa kupita.

"Nimechelewa kusoma," alisema. "Lakini nimesoma. Nifunge."